Nyumba Ni Yake, Ila Hawezi Kukutoa Kienyeji

Kuna kitu kinaniudhi sana, wapangaji wengi wakiambiwa tu "naitaka nyumba yangu" wanaanza kufunga vyombo, hawaulizi mkataba unasemaje wala notisi iko wapi, yaani mwenye nyumba akishanuna basi imeisha. Hapana jamani. Nyumba ni yake, sawa, lakini mkishaandikiana na unalipa kodi, haki ya kukaa humo ni yako mpaka mkataba uishe kwa utaratibu.

Kwa hiyo anza na mkataba, hasa kile kipengele cha kuvunja mkataba ambacho tunakisaini bila kukisoma manake siku hiyo mtu anawaza funguo tu. Kama ni wa muda maalum, tuseme mwaka, kwa kawaida hakuna wa kuukatisha katikati bila sababu iliyoandikwa humo au bila kukubaliana wote wawili. Kama ni wa mwezi kwa mwezi mwenye nyumba anaweza kuumaliza, ila kwa notisi.

Na hapa ndo watu wanapopigwa: notisi sio amri ya kukutoa. Siku zikiisha na bado mnabishana, nchi nyingi zinamtaka aende mahakamani au kwenye baraza la mambo ya nyumba, apewe amri, ndo utolewe. Kubadilisha kitasa ukiwa kazini, kukukatia maji na umeme, kung'oa mlango ili uondoke mwenyewe, huo ni uonevu na sehemu nyingi ni kosa kisheria hata kama unadaiwa kodi, deni alidai kama deni. Sasa wewe nawe usishikilie kodi kwa hasira, unampa sababu ambayo hakuwa nayo. Lipa, na lipa kwa njia inayoacha risiti.

Ukiwa wewe ndo unataka kuhama kabla ya muda, toa notisi kwa maandishi, na ujue unaweza kudaiwa miezi iliyobaki. Ila akishapata mpangaji mwingine, kuwatoza wawili kodi ya mwezi mmoja ni dhuluma, mimi hilo silikubali kabisa.

Dipoziti, ile hela ya dhamana uliyoweka unapoingia, ndo vita kubwa zaidi. Rangi iliyofifia kwa jua, kitasa kilicholegea kwa kufungwa na kufunguliwa kila siku, huo ni uchakavu wa kawaida na haupaswi kukatwa kwenye hela yako, kioo ulichovunja hicho lipa. Siku ya kukabidhi pitieni nyumba pamoja, piga video chumba kwa chumba, sinki, soketi, mpaka namba za mita zisomeke, halafu mtumie siku hiyohiyo. Akikuahidi kwa mdomo kwamba atakurudishia mwisho wa mwezi, mwandikie meseji palepale, "kama tulivyoongea leo, dipoziti yangu yote utanirudishia mwisho wa mwezi", akijibu "sawa" usiifute hiyo meseji.