Dionaea Si Mmea wa Mtungi

Kuna duka la maua hapa Dar limeanza kuuza Dionaea, ule mmea wenye mataya ya meno unaokula nzi, ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko. Kwa bei yake unapata mbuzi. Karatasi iliyobandikwa inasema: "Weka kivulini. Hauhitaji matunzo." Nikadhani ni utani.

Jamani, mmea huu kwao ni Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, kwenye eneo dogo kuuzunguka mji wa Wilmington. Huota kwenye nyika chepechepe yenye misonobari iliyoachana, na moto hupita mara kwa mara kuteketeza vichaka. Majani yake yanaungua, shina lililo ardhini linachipua tena. Moto usipopita, vichaka vinaufunika na unakufa. Mmea unaokubali kuunguzwa ili mradi upate jua, wewe unaufunika kwa kioo na kuuweka pembeni ya televisheni! Kivulini majani yanarefuka na kulegea, mataya yanapoteza wekundu, kisha ukungu unaanza. Ukishtuka ukausogeza dirishani na kifuniko chake, jua la Februari linaupika. Hongera, umelipia uchague kifo cha mmea.

Bado sijagusa baridi. Kwao hulala miezi mitatu minne ya kipupwe, na ukikoseshwa usingizi huo mwaka baada ya mwaka, unadhoofika. Sisi Dar Julai tunavaa sweta kwenye nyuzi 20. Hiyo kwake si baridi. Wako wanaoishi nchi za joto wanaoulaza kwenye friji, ila jaribu kumweleza mama mwenye nyumba kwamba mfuko wa tope ulio karibu na maziwa ni ua. Watu wa Makete, wanaoamka wakakuta sakitu shambani, wana haki ya kuufuga kuliko sisi.

Maji ni ya mvua. Ya kisima chenye chumvi yatauua polepole. Mbolea usithubutu. Na mwambie mtoto aache kuyachokoa mataya kwa kijiti: vinyweleo vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi taya linajifunga, na kila taya lina mafungo machache tu kabla ya kuwa jeusi.

Haya, nakubali shingo upande: kioo kina wateja wake. Drosera adelae, inayonasa wadudu kwa majani yanayonata, ya misitu ya mvua ya Queensland huko Australia, inapenda unyevu na haidai jua kali. Nepenthes changa, ile yenye vikombe vya kunasia wadudu, nayo huvumilia, mpaka ikue igonge kifuniko. Mwuzie mtu hizo, umwandikie na jina la mmea.

Ila msizipe nyama. Nimeshuhudia mtu mzima, msomi, akiukatia mmea kipande cha mshikaki, na pilipili yake.