Wino, jua na bei: nani aliyeiua Nanosolar?

Kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Ngamiani, Tanga, nyuma ya mlango, kuna paneli ndogo ya jua ya kahawia iliyogeuzwa uso ukutani. Fundi mwenye duka haiuzi wala haitupi. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kigombe aliigeuza, akauliza, "Hii bei gani, mwanangu?"

"Hiyo usiitake, mama. Imeandikwa wati 14, lakini ngoja nikuoneshe."

Akaitoa barazani, akaielekeza kwenye jua la saa sita, akagusa nyaya zake mbili kwa mita. Volti zilisoma vizuri tu. Aibu ilikuwa kwenye ampea, ambazo hazikufika hata nusu ya zile zilizochapwa mgongoni. Mama akaondoka na paneli ya kawaida ya wati 50, ile yenye vipande vyeusi vilivyopangwa kama vigae.

Ile ya kahawia ni ya utando mwembamba: silikoni, malighafi ya paneli nyingi, iliyopakwa juu ya kioo badala ya kukatwa vipande. Paneli za aina hiyo ziliingia sana Afrika Mashariki miaka ya 1990, hasa Kenya, kwa sababu zilikuwa ndogo na mtu aliweza kuzimudu. Kasoro yake ilijulikana tangu 1977, Staebler na Wronski walipogundua kuwa silikoni ya namna hii hupoteza sehemu ya nguvu yake kadiri inavyopigwa na mwanga, hasa mwanzoni, kisha hutulia. Mtengenezaji mkweli huandika wati zinazobaki baada ya kutulia. Asiye mkweli huandika za siku ya kwanza, na mteja akirudi dukani anayetukanwa ni fundi.

Nimeikumbuka paneli hiyo kwa sababu siku hizi vijana wananiuliza kama wasubiri paneli za perovskaiti, aina mpya ya malighafi ya kunasa jua, zinazosemwa kuwa zitachapwa kama karatasi na kuuzwa bei ya kutupa. Si porojo: Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ya Uingereza ilitangaza kusafirisha paneli zake za kwanza za kibiashara, zenye perovskaiti juu ya silikoni. Ila hadithi ya kuchapa paneli tumewahi kuisikia. Aliyeisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote aliitwa Nanosolar.

Kampuni hiyo ilianzishwa California mwaka 2002, na kati ya waliotia pesa mapema walikuwamo Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google. Wazo lenyewe lilikuwa tamu. Kipande cha silikoni kwenye paneli ya kawaida kina unene wa kama maikromita 200. Mchanganyiko wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu hunasa mwanga uleule kwa utando wa kama sehemu ya mia ya unene huo. Shida ni kuupaka. Wengine waliutengeneza ndani ya mashine zilizonyonywa hewa yote, kazi ya polepole na ya gharama. Nanosolar wao walisaga madini hayo hadi yakawa chembe ndogo mno, wakatengeneza wino, wakauchapa juu ya karatasi ndefu ya alumini inayopita kwenye mashine kama jora la khanga.

Mwaka 2006 wakatangaza kiwanda cha kutoa paneli za jumla ya megawati 430 kwa mwaka. Msomaji wa Tanga azipime hivi: bwawa la Hale ni megawati 21, Pangani Falls mpya ni 68. (Najua, megawati ya jua hulala magharibi na ya maji hailali. Nataka ukubwa wa ndoto uonekane.) Desemba 2007 paneli za kwanza zikatoka, wakasema moja wataiweka wenyewe, moja itakwenda mnadani, na moja itapewa jumba la makumbusho la San Jose. Ahadi ilikuwa kuuza chini ya dola 1 kwa wati, wakati paneli za silikoni zilikuwa karibu dola 4. Mwaka 2008 wakakusanya dola milioni 300 nyingine. Kufika 2013, baada ya kula zaidi ya dola milioni 400 za wawekezaji, kampuni ilikwisha.

Aliyeiua ni nani? Wapo wanaosema ni bei, na hoja yao ni nzito. Sheria za Ujerumani za kununua umeme wa jua kwa bei nzuri ziliwasha moto wa mahitaji, silikoni ikaadimika, na mwaka 2008 kilo moja ya silikoni safi ilipita dola 400 kwenye soko la papo kwa papo. Hapo kila mwenye wazo la kukwepa silikoni alionekana nabii. Kumbe bei ileile ndiyo iliyowavuta wengine kujenga viwanda vya kuisafisha, China na kwingineko. Mwishoni mwa 2011 kilo ilikuwa chini ya dola 30, na paneli ya kawaida ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1 kwa wati. Ahadi ya Nanosolar ilitimizwa na washindani wake. Solyndra, jirani yao wa Fremont, iliyopaka madini hayohayo kwenye mirija ya kioo, ilianguka mwaka huo huo wa 2011 pamoja na dhamana ya mkopo wa dola milioni 535 kutoka serikali ya Marekani.

Upande wa pili hawakubali kuwabebesha Wachina mzigo wote, na wana shahidi asiyepingika: First Solar. Nayo ni ya Marekani, nayo ni ya utando mwembamba, ila yake ni ya kadimiamu na teluriamu. Mapema 2009 ilitangaza kuwa gharama yake ya kutengeneza imeshuka chini ya dola 1 kwa wati, na mpaka leo ipo. Kama silikoni rahisi ingekuwa sumu ya kila mtu, First Solar ingezikwa kaburi moja na wenzake. Tofauti ni kwamba kadimiamu na teluriamu ni wawili tu na hukaa pamoja bila ugomvi mwingi. Mchanganyiko wa wanne, ule wa Nanosolar, ni kama pilau: kiungo kimoja kikizidi upande mmoja wa sufuria, sahani zote hazitalingana. Maabara ya taifa ya Marekani ilifika karibu asilimia 20 ya ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, kwa mchanganyiko huo mwaka 2008, lakini kwenye kipande kidogo sana. Kupata hayo kwenye kilomita za karatasi ya alumini, kila siku, ndiko wengi walikokwama.

Mimi naegemea upande wa pili, kwa sharti moja. Bei ilishuka, ni kweli, lakini Nanosolar ilikuwa na miaka mitano ya upepo mwanana na haikutweka tanga kwa wakati. First Solar ilikwishakuwa na viwanda vinavyokimbia kabla dhoruba haijaja. Sharti lenyewe ni hili: silikoni ingebaki dola 400 miaka mitatu zaidi, huenda leo tungekuwa tunaandika sifa zao na kusahau uchelewaji.

Halafu kuna hesabu ambayo wanasayansi huipita haraka na mafundi wa Tanga huianzia. Kilowati moja kwa paneli za ufanisi wa asilimia 10 inataka mita 10 za mraba za bati. Kwa asilimia 15 unahitaji 7 hivi. Zile 3 zinazozidi ni vyuma, skrubu, waya na ujira wa siku ya pili, na kwa chumvi ya bahari yetu, ni kutu zaidi. Wati rahisi kiwandani inaweza kuwa ghali darini. Upande mwingine wa shilingi, paneli juu ya bati la Machi inaweza kufika nyuzi 65. Silikoni ya wakati ule ilipoteza kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi juu ya 25, yaani 16 kwa jumla. Ya kadimiamu hupoteza kama 10. Kwa joto la pwani hilo si dogo, na ni haki kulitaja.

Kwa kijana anayesubiri perovskaiti: paneli za kawaida leo hutoka kiwandani kwa kama senti 10 za dola kwa wati. Mgeni hawezi tena kushinda kwa bei ya paneli peke yake, kwa maana kwenye nyumba ya Makorora paneli si sehemu kubwa ya gharama, betri na inveta zimeipita. Itabidi atoe umeme mwingi zaidi kwenye bati lilelile, kwa miaka mingi. Paneli nyingi huuzwa na dhamana ya miaka 25. Nanosolar yenyewe iliishi miaka 11.

Nilimuuliza fundi kwa nini haitupi ile ya kahawia. Akasema Jumapili, duka likifungwa, huitoa barazani ikamchajia redio.