Maji ya Moto ya Mama na Saa 72

Ninaishi Manchester kwa mwaka wa sita sasa, nikifanya kazi ya kutunza wazee, na kila ninaporudi likizo nyumbani Chuno, Mtwara, huulizwa ni kitu gani cha Uingereza ambacho ningetamani tuwe nacho. Wengi hutarajia nitaje barabara au mishahara. Mimi hutaja namna wanavyompokea mtu aliyebakwa, awe nani.

Katika hospitali ya St Mary's, jijini humu, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1986 kwa ajili ya watu waliofanyiwa ukatili wa kingono. Mtu huweza kufika bila kupitia polisi, akatibiwa, na ushahidi ukachukuliwa na kuhifadhiwa hadi atakapoamua kushtaki au kutoshtaki. Mwanamume anayependa wanaume, mwanamke anayependa wanawake na aliyebadili jinsia hupokewa kama wengine. Sheria yenyewe ilichelewa, kwa kuwa ni mwaka 1994 tu ndipo Uingereza ilipokubali kwamba mwanamume naye anaweza kubakwa.

Nasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa jirani yetu, ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimnong'ona. Msimu mmoja wa korosho, kabla sijasafiri, alikuja alfajiri akiwa amejifunga shuka, akakaa ubavu kwenye mkeka, akaniomba panadol. "Dada, usiniulize," alisema. Mama hakumuuliza. Alimchemshia maji, akamwogesha mgongo kama mtoto wake wa kumzaa, akafua ile shuka na kumkorogea uji. Hospitali ilikuwa karibu, lakini hakukubali kwenda, wala sisi hatukumsihi sana.

Aliogopa kwa haki. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinamtambua aliyebakwa kuwa ni mwanamke au msichana peke yake; mwanamume aliyeingiliwa huangukia kifungu cha 154, kinachomwadhibu pia anayeruhusu kuingiliwa, kwa kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo mtu kama yule, anapoagizwa aanzie polisi kuchukua fomu ya PF3, ile ya polisi ya kupeleka majeruhi hospitali, huona kwamba akieleza jeraha lake atakuwa anajishtaki mwenyewe, hasa pale ambapo kila mtu ameshaamua kuwa "ndivyo alivyo". Wakati huohuo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, kisha zimezwe kwa siku 28. Saa zetu 72 zilipita akiwa amelala chumba cha uani.

Sisemi kwamba huku kila kitu ni kizuri. Kesi huchukua miaka, na mtu hutoka kituoni akarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kumkorogea uji, jambo linaloniumiza kila ninapolifikiria. Kuuguza tunakujua sisi kuliko wao. Ninachokiomba kwa wauguzi na maafisa wa Dawati la Jinsia la polisi huko kwetu ni kwamba swali la kwanza liwe "ilikuwa saa ngapi?", na swali la mtu huyo ni wa namna gani lisiulizwe kabisa, kwa sababu halibadilishi dawa wala mshono.

Mwezi uliopita mama aliniuliza kwenye simu, akija mwingine afanyeje. Nilimwambia asimwogeshe kwanza, nguo asizifue bali azitie kwenye mfuko wa karatasi, ili ushahidi usipotee, ampeleke usiku huohuo na akae naye mpaka mwisho; na kama ameshaoga, ampeleke vilevile. Alinyamaza kidogo.

"Kumbe yale maji," alisema. Kisha akaniuliza mfuko wa karatasi uwe wa ukubwa gani.