Kilo 80 za nini?

Ukipita Ngamiani, Tanga, jioni, hukosi kumkuta kijana na mizani yake na kipimo cha urefu kando ya barabara. Mbeba mizigo akipanda akasoma kilo 80, na mwenye duka naye 80, wote wana kimo cha mita 1.70, jibu lao ni moja: uwiano wa uzito na kimo (BMI) 27.7, umevuka 25, uzito umezidi. Mmoja kilo hizo ni mabega na mapaja; mwenzake ni kitambi.

Wanaotaka tupime uzito wa mwili bila mafuta, yaani misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji, hapo wana haki. Bibi kizee anaweza kupoteza misuli mwaka mzima huku mafuta yakijaza nafasi. Mizani haisogei, na nyumbani wanasema hajambo, mpaka aanguke bafuni.

Taabu ni mashine yenyewe ya kuupima. Ile ya kukanyaga hupitisha umeme hafifu mwilini. Misuli ina maji mengi, umeme unapita, mafuta yanauzuia. Kwa hiyo haioni misuli, inakisia kutokana na maji, kwa kanuni inayotumia umri, jinsia na kimo. Mvuvi aliyeshuka pwani ya Deep Sea na kiu ya kutwa anaweza kuhesabiwa mafuta asiyokuwa nayo. Mtoto aliyevimba kwa unyafuzi, maji yake yatasomwa kama nyama! Na kanuni iliyotengenezwa kwa miili ya Ulaya, nani kaihakiki kwa mkata mkonge?

Kwa kliniki zetu nachagua utepe wa kuzungushia mkono wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, umeme uwepo usiwepo. Mzee naye ainuke kitini mara 5 bila kujishika. Zikipita sekunde 15, miguu imeshasema.

Ila utepe nao hautenganishi nyama na mafuta. Mgonjwa wa kifua kikuu anayerudisha kilo kwa muhogo na chai ya sukari anahitaji kujua anarudisha nini, na huyo apimwe kwa mashine hospitalini, kwa saa ileile kila mara, kabla hajala.

Kijana wa Ngamiani yeye angeazima futi ya fundi cherehani, awazungushe wateja wake kiunoni. Mbeba mizigo na mwenye duka wangepewa majibu mawili.