Semina ya kweli iko darasani

Nimesoma habari inayosifu semina za walimu za kuandaa somo. Sawa, ila MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ilikusudiwa ifanyike shuleni, walimu wakikaa pamoja, si mwakilishi mmoja kwenda ukumbini na kurudi na makabrasha (na posho, tusifichane).

Nafundisha hisabati huku Mbagala, Dar es Salaam. Kwenye andalio la somo, safu ya shughuli za mwanafunzi wengi hujaza "kusikiliza na kunakili", alimradi mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akute pamejaa. Juzi mwenzangu alileta vizibo vya soda, watoto wakavigawana wenyewe kujifunza sehemu (kama nusu na robo). Sisi walimu tulioketi nyuma tukaona nani amekwama na amekwamia wapi. Tangu mtaala mpya uanze 2024 tunaomba muda wa kukaa pamoja hivyo uingizwe kwenye ratiba, maana saa tisa alasiri kila mtu anawaza daladala.