Kiingereza kinajua kugawa mali, mpaka "mimi" niingie

Virai viwili vya Kiingereza: "Peter and Anne's books" na "Peter's and Anne's books". Kinachovitofautisha ni s moja na ritifaa yake, alama ileile tunayoiandika katika ng'ombe. Lakini maana imehama. Katika kirai cha kwanza vitabu ni vya wote wawili, havijagawanywa. Katika cha pili Peter ana vyake na Anne ana vyake. Wawili hawa wakiachana, kirai cha kwanza kinadai mgawanyo, cha pili kila mtu anabeba chake na kuondoka.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito, nami nipo karibu nao. Mtu anapoandika wosia au mkataba, suala la nani anamiliki nini, na pamoja na nani, halifai kuachwa kwa kukisia. Wengine husema Kiswahili hakina makali hayo, kwa kuwa "vitabu vya Peter na Anne" huweza kubeba maana zote mbili. Si kweli kabisa. Sema "vitabu vya Peter na vya Anne" na utata umepungua sana. Mbinu ni ileile: rudia alama ya umiliki, umetenganisha wenye mali. Tofauti ni kwamba kwao jambo hili limeandikwa katika vitabu vya sarufi, na sisi a-unganifu ya pili, yaani hiyo "vya" ya mwisho, tunaiweka au kuiacha tupendavyo.

Upande wa pili husema kanuni hiyo ni ya kwenye karatasi tu, na historia inawapa nguvu kiasi. Hiyo s ilianza kama mwisho wa nomino katika Kiingereza cha Kale, -es, ikishikamana na mwenye mali mwenyewe. Karne zilivyopita ikahamia mwisho wa kirai kizima. Leo "the King of Spain's daughter" ni binti wa mfalme, ingawa s imekaa kwenye Spain. Alama iliyokwisha kuachana na mwenye mali namna hii, wanauliza, tuidai usahihi wa kisheria kwa haki gani? Isitoshe, ritifaa yenyewe iliingia katika Kiingereza karne ya 16, na kuiandika baada ya s ya wingi kulitulia baadaye zaidi.

Mimi naona historia hiyo inaisaidia kanuni badala ya kuivunja. Ni kwa sababu s ilijifunza kubeba kirai kizima ndiyo maana inaweza kuwabeba Peter na Anne kama mwenye mali mmoja.

Udhaifu wa kweli uko kwingine, na watetezi hawapendi kuusema. Mwondoe Anne, niingie mimi: "Peter's and my books". Ni vyetu pamoja, au vyake mbali na vyangu mbali? Kirai hakisemi. Neno "my" halipokei s, hivyo tofauti iliyokuwa wazi kwa watu baki inapotea mara msemaji anapokuwa mmoja wa wamiliki. Ndiyo maana utawasikia wazawa wa lugha hiyo wakisema "Peter and I's", umbo ambalo walimu hulifuta kwa wino mwekundu. Silisifu, ila naelewa limetoka wapi: msemaji anatafuta namna ya kuingia ndani ya umoja ambao sarufi imemfungia mlango. Kiswahili hapa kina raha yake. "Vitabu vyetu mimi na Peter" huanza na umoja kisha hutaja watu. "Vyangu na vya Peter" hutenga.

Swali hilo linapanda hadi kwenye majina ya umma, ambako kinachobishaniwa ni utambulisho zaidi ya mali. Anna Jarvis, aliyeipigania siku ya akina mama nchini Marekani mpaka ikatangazwa rasmi mwaka 1914, alishikilia "Mother's Day", ritifaa kabla ya s: kila familia imheshimu mama yake mmoja. "Veterans Day" haina ritifaa kabisa, na serikali ya Marekani hueleza kwamba siku hiyo si mali ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, ni siku ya kuwaenzi. Bodi ya majina ya kijiografia ya nchi hiyo, iliyoanzishwa 1890, huzuia ritifaa ya umiliki katika majina ya mahali, na imekubali chache mno, mojawapo ya kisiwa cha Martha's Vineyard ("shamba la mizabibu la Martha") mwaka 1933.

Wapo wanaolia kwamba kuiondoa alama hiyo ni kuiua lugha. Siwaungi mkono katika majina: jina la mahali likishazoeleka halidai tena kwamba Martha ana shamba. Ila katika sentensi inayosema nyumba ni ya nani, s ya pili isiguswe. Na anayeandika kuhusu mali aliyo nayo pamoja na mwenzake asing'ang'anie "Peter's and my". Aandike "the house Peter and I own together", hata kama ni maneno mengi zaidi.