Mama, Hii Si Matatu

Tangazo la klabu limeingia leo alfajiri, stima haijarudi: gari lisilopakwa rangi ya mchanga lisije safari ya Magadi. Rangi ya mchanga! Eti picha za droni zipendeze.

Klabu yetu ya mabasi ya kulala, yaani mabasi tuliyoyageuza nyumba, ilianza na watu wenye grisi kwenye kucha. Ukinunua basi limechoka, huyu anakuonyesha fundi wa bodi Kariobangi, yule anakusindikiza Grogan kutafuta injekta. Siku hizi kijana anashusha gari bandarini, kitanda na friji ndani, spana hajawahi kushika, na ndiye katibu. Hata Marekani mambo yamebadilika. Chama chao kikubwa cha wenye magari ya kulala kilizaliwa 1963 huko Maine, watu wamekuja na magari yao kutazama kupatwa kwa jua. Kilikuwa cha magari yenye injini tu, mpaka 2017 wanachama wakapiga kura, wenye trela za kukokotwa nao wakaingia. Wenzetu walau walipiga kura. Sisi tumetumiwa emoji.

Mimi ni mtu mzima, kelele sipendi. Mchango wa fulana nilitoa. Lakini basi langu lilikuwa matatu ya Rongai, na ule mstari wa manjano wa sheria za matatu za waziri Michuki za 2004 bado uko ubavuni, maana rangi ni pesa.

Juzi nimesimama Rongai kununua ndizi, mlango wazi. Kugeuka, mama fulani keshaketi kitandani mwangu na gunia la sukuma.

“Mama, hii si matatu.”

“Naona. Mmetoa viti mbebe watu wengi.”

“Mama, hii ni nyumba yangu.”

“Basi twende kwako, unishushe Bomas.”

Nikafungua kabati aone sufuria. Akachungulia, akasema makanga wa siku hizi wanakula vizuri. Kumbe nyuma yangu wameingia wanafunzi, na mzee mmoja anafunga kuku wake kwenye mguu wa sinki. Nikajikohoza kama diwani: “Waheshimiwa, chombo hiki ni makazi binafsi—”

“Ni ngapi?” mama akanikata. “Na mvua haijanyesha, usituongezee.”

“Shukeni! Shukeni nyote! Hapa ndipo ninapolala!”

Kimya. Kisha mzee akamnong’oneza mwanafunzi: “Huyu ameamka na polisi.”

Nikawapeleka. Ningefanyaje? Kuku alikuwa ameshalala. Pale kwenye kizuizi afande akatafuta mikanda, akaona godoro, yaliyofuata tuyaache. Mama aliposhuka akaniwekea nauli juu ya mto, akaniuliza kama basi hukodishwa kwa ruracio, kupeleka watu kwenye mahari.

Fundi wa rangi naye ameniambia bei, nikadhani ananiuzia duka. Na keateka, tangu asikie ndani kuna kitanda na jiko, ananidai kodi ya nyumba mbili. Nikamwambia hiyo ya pili haina hata maji. Akaniuliza, kwani ya kwanza inayo?